Nimealikwa kukaa na familia Mkomani, Lamu, nikisafiri peke yangu: naomba ushauri kabla sijajibu

Swali

Habari za wakati huu ndugu zangu, hasa wenyeji wa Lamu na wote mliowahi kupokewa nyumbani kwa watu katika mji huo.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi habari za miji ya mwambao, biashara ya pepo za msimu, misikiti ya mawe na milango ya kuchonga, ilhali mimi mwenyewe sijapata kuvuka kaskazini ya Tanga. Desemba hii nimeazimia kwenda Lamu, na nitakwenda peke yangu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu, pale rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye mama yake ni mtu wa Lamu, alipompigia simu mama yake mkubwa anayeishi Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, kumwuliza mahali salama pa kufikia. Mama huyo alijibu kwamba haiwezekani mtu atokaye kwao akalale pa kulipia wakati nyumba yake ina nafasi, na kwamba yeye anachotaka ni kutajiwa siku nitakayofika tu. Rafiki yangu hatakuwepo, kwa hiyo nitapokewa na watu ambao hatujawahi kuonana.

Nimefurahi sana, lakini pia nina wasiwasi, na ndiyo maana sijajibu bado. Jambo la kwanza ni gharama. Sitaki kuwa mzigo kwa mama wa watu, wala sitaki kumtolea fedha kwa namna itakayomfanya aone nimeigeuza nyumba yake hoteli. La pili, mimi ni Mkristo, na ni mwanamke ninayesafiri bila ya mume wala ndugu. Naomba kujua kama hali hiyo itawaletea wenyeji wangu maneno mtaani, na ni mavazi gani yanayofaa. La tatu, nakwenda kujifunza. Nataka kuzunguka vichochoroni, kuingia ngomeni na kwenye makumbusho, kuandika, na kupiga picha za kuwaonyesha wanafunzi. Je, mgeni wa nyumbani anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni, au hilo litahesabiwa kuwa ni kuwadharau waliomkaribisha? Mwisho, kwa yeyote anayeifahamu njia, naomba maelezo ya safari kutoka Tanga hadi kisiwani kwa mtu asiye na haraka na asiye na fedha za ndege.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mama mzaliwa wa Mkomani

Mwalimu, karibu Amu, ndivyo tunavyouita mji wetu wa Lamu. Nakuomba ujibu leo, kwa sababu mtu mzima akishatamka kwamba uje kwake, kila siku unayonyamaza anahisi kuwa umepata pengine pazuri zaidi. Usimwandikie, mpigie. Msalimie, muulize hali za watu wa nyumbani, kisha umtajie siku ya kufika na siku ya kuondoka. Hiyo ya kuondoka ataikataa, atasema mbona mapema, lakini atakuwa ameshaijua na ataweza kujipanga.

Nikueleze kwanza nyumba yenyewe, maana ukiielewa nyumba mengi uliyouliza yatajijibu. Nyumba za mawe za Mkomani, ambazo nyingi asili yake ni karne ya 18, zimepangwa kwa kufuata nani anaruhusiwa kufika wapi. Nje kuna daka, penye viti vya mawe pande mbili za mlango, na hapo ndipo wanaume huketi na wageni wasio wa ndani. Ukivuka mlango unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha unatokea kiwanda, uwanja ulio wazi juu unaoleta mwanga na upepo, halafu zinafuata kumbi ndefu tunazoziita misana, na mwisho kabisa ni ndani, kwenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Mgeni wa kiume hukomea mbele, au hupewa sabule, chumba kilichotengwa na wenye nyumba, ambamo zamani alilala mfanyabiashara aliyekuwa akingoja upepo ugeuke arudi kwao. Wewe hutakomea hapo. Utachukuliwa moja kwa moja hadi ndani, utakaa na mama, mabinti na wajukuu, nawe utawaona wakiwa hawana buibui wala mtandio, wakisukana nywele na kupakana hina. Mwanamume hata akikaa kwetu miaka hapati kufika hapo, na kwa kuwa wewe utafikishwa siku ya kwanza, kuna amana utakayokuwa umekabidhiwa bila ya kutajiwa.

Amana hiyo nataka niizungumzie kwa kirefu kidogo, kwani siku hizi simu ndizo zinazoivunja. Utapenda kupiga picha ukuta wa zidaka, na una haki ya kuupenda, maana kazi ile ya chokaa waliyoichonga mafundi wa zamani ni ya kuwaonyesha wanafunzi. Omba ruhusa, ngoja watu wapishe, kisha itazame picha pamoja na wenye nyumba kabla hujaondoka mahali hapo. Mara nyingi pembeni kabisa huwa kuna binti amepita na kichwa wazi, au kioo cha ukutani kimemchukua mtu aliyekuwa upande wa pili, nawe hukumwona kwa kuwa macho yako yalikuwa kwenye zidaka. Picha ya namna hiyo ikiingia katika kundi moja la simu hairudi tena, na binti huyo ana wachumba na wakwe wa kuwafikiria. Ukifanya hivi siku ya kwanza, siku ya pili watakuita wenyewe waje wakuonyeshe vyumba vingine.

Vijana wa nyumbani wakiingia hupaza sauti tangu mlangoni ili wanawake wapate kujisitiri. Ukisikia hivyo nawe vuta mtandio wako, basi. Ukibaki nyumbani na mtu akabisha hodi, usiende kufungua. Mwite mwenye nyumba. Na ukienda nyumba ya jirani piga hodi mara tatu, ukikosa jibu rudi, hata kama unasikia watu wakizungumza ndani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwa kawaida mgeni haambiwi kwa sababu sisi tumelizoea mno. Katika nyumba za kale, chumba cha kuogea kina birika lililojengwa kwa chokaa, limejaa maji, na ndani yake mna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji utayachota kwa kata na kujimwagia ukiwa umesimama kando. Usichovye mkono wenye sabuni, maana utawaua wale samaki, wala usishtuke ukiona kitu kimepita chini ya kata yako. Baadhi ya mabirika yana bakuli la kauri lililojengewa kwenye sakafu yake, ili maji yanapopungua samaki wabaki na mahali pa kukaa. Nyumba nyingi sasa zina mifereji na ndoo, lakini Mkomani mabirika bado yapo, na mgeni anayelitunza birika hutajwa kwa wema hata akishaondoka.

Mavazi yasikusumbue. Hakuna atakayekutaka uvae buibui nawe si desturi yako. Dera pana na mtandio wa kuweka kichwani unapopita karibu na misikiti vinatosha kabisa. Kuhusu kusafiri peke yako, kinacholeta maneno kwetu ni mtu asiyejulikana amefikia kwa nani. Ukishapokewa na mama huyo utakuwa mgeni wa nyumba fulani, na kabla ya siku mbili hazijaisha mwenye duka, mchuuzi wa samaki na watoto wa chuoni, yaani madrasani, watakuwa wanakujua; ukipotea njia, na utapotea, mtoto yeyote atakurudisha mpaka mlangoni.

Kutoka utatoka, ila hutaachiwa utoke bila ya kula. Jambo la kuzingatia ni chakula cha mchana, ambacho ndicho kikubwa kwetu na huliwa baada ya sala ya adhuhuri. Kama hutakuwepo, sema usiku uliotangulia. Usiposema, sinia litafunikwa, na wenye nyumba hawatatia mkono mpaka urudi. Jioni uwe umerudi wakati wa magharibi, au uwe na mtu wa nyumbani.

Nimebakisha fedha. Usimpe mkononi, wala usimwulize kwa siku ni kiasi gani. Njoo na mzigo: majani ya chai ya Mufindi huko kwenu yatapokewa kwa furaha kubwa, na jozi ya khanga kwa mama na kwa binti mkubwa, ila soma vizuri maneno yaliyoandikwa kabla ya kununua, kwani khanga nyingine hufumba, na mtu akipewa atajiuliza amekukosea nini. Ukiwa hapa, toka asubuhi na mtoto wa nyumbani mwende sokoni, ununue samaki na mboga, umwachie yeye aingie navyo jikoni. Siku ya kuondoka, ukiwa na mama peke yenu, mwachie bahasha na useme ni ya watoto. Atakataa mara moja au mbili. Ukisema ni ya watoto, si yake kuikataa.

Jibu la pili, kutoka kwa mkazi wa Nakuru aliyewahi kufanya kazi Lamu

Nakubaliana na yote aliyoyasema mama hapo juu, na nimejifunza mengine ambayo sikuyajua kwa kuwa mimi, kama alivyosema, niliishia sabuleni. Hata hivyo kuna upande mmoja ambao mwenyeji kwa heshima yake hawezi kuusema, na ni vyema mgeni mwenzako akuambie.

Nilipokuwa Lamu kwa kazi ya upimaji, familia moja ya mtaa wa Langoni ilinikaribisha na kukataa kabisa nihamie kwingine. Kila mchana sinia langu lilikuja na wali wa nazi na kipande cha nguru kilichokatwa katikati ya samaki, pale panapopendwa. Niliona ni maisha yao ya kawaida. Siku moja nikiwa nimeketi dakani nilimwona mtoto wa mwisho wa nyumba ile akipita na daftari dogo lenye jalada la kijani kwenda dukani, akarudi na sukari, mafuta na mchele, na daftari lile lile likiwa limeandikwa mstari mpya. Kesho yake likapita tena. Hakuna aliyenilalamikia, na sidhani kama kuna ambaye angelinilalamikia hata ningelikaa mwaka, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Ukarimu wa Lamu hauna kengele ya kukuonya. Mwenyeji ataendelea kukupa kilicho bora hata pale yeye mwenyewe anapokopa ili akipate.

Kwa hiyo nakushauri mambo mawili. Kwanza, uwe na ukomo. Kaa na familia siku chache za mwanzo, zitoshe kujuana na kupata heshima ya mtaa, kisha hamia nyumba ya wageni iliyo karibu na uendelee kuwatembelea. Pili, usingoje siku ya kuondoka ndipo utoe bahasha. Bahasha ya mwisho hulipa deni lililokwisha kuandikwa, wakati samaki wa asubuhi na mfuko wa mchele wa siku ya pili huzuia deni lisiandikwe. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wakimwambia mgeni pia. Mimi jembe langu lilikuwa kuwasaidia watoto hesabu za shule kila usiku baada ya isha, na naamini mwalimu wa historia hatakosa lake.

Niongeze kwa wanaume wanaosoma hapa: mpango wenu ni tofauti, na dada huyu asijipime nao. Mwanamume mgeni anatakiwa aondoke ndani ya nyumba asubuhi, wanawake wapate nafasi yao, na hata akiwa mgonjwa ni vyema atume taarifa mapema kwamba atabaki.

Jibu la tatu, kutoka kwa mtembeza wageni wa Langoni

Dada, mama na ndugu wa Nakuru wamekujibu ya nyumbani, mimi nitakujibu ya njiani na ya mjini.

Kutoka Tanga utavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, kisha utaendelea hadi Likoni na kuvuka kwa feri kuingia kisiwani Mombasa. Pasipoti iwe mkononi tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, kwani utaihitaji mpakani, katika kusajili laini ya simu ya Kenya, na kwenye vizuizi vya barabarani. Laini hiyo isajili Mombasa, kwa sababu mambo mengi Lamu hulipwa kwa M-Pesa, hata nauli ya mashua. Usijaribu kuunganisha Tanga na Lamu kwa siku moja. Lala Mombasa, na kesho yake panda basi la alfajiri linalopitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambapo barabara inaishia. Hapo mashua za abiria zitakuvusha hadi gatini Lamu kwa muda mfupi.

Kuhusu usalama nitasema wazi, kwa kuwa wengi huficha kwa kuogopa kuwakimbiza wageni. Upande wa bara wa kaunti yetu umepata mashambulizi, na lile la Mpeketoni la mwaka 2014 halijasahaulika kwa yeyote anayeishi hapa. Ndiyo sababu kuna vizuizi vya polisi, abiria hukaguliwa vitambulisho, na ndiyo sababu nasisitiza upande basi litakalokufikisha Mokowe mchana. Piga simu kwa wenyeji wako siku moja kabla, uwaulize hali ya njia. Wao hupata habari mapema kuliko ofisi yoyote ya tiketi.

Desemba umechagua vizuri. Kaskazi itakuwa imeshika, bahari ni tulivu, joto lipo lakini kiwanda cha nyumba ya kale hupoza. Watu watakuuliza kama umekuja kwa Maulidi. Maulidi ya Lamu, yale makubwa yanayofungamana na Msikiti wa Riyadha na jina la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuanzisha msikiti huo, husomwa mwishoni mwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, nayo hufuata mwezi mwandamo, hivyo mwaka huu likizo yako haitayakuta. Kwa mgeni wa nyumbani hiyo ni nafuu, kwa sababu wakati wa Maulidi kila nyumba hujaa jamaa kutoka mwambao mzima na watu hulala hadi ukumbini.

Kwa somo lako la historia, anza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Simama hapo uwaeleze wanafunzi wako, hata kama ni kwa kurekodi sauti, kwamba takriban mwaka 1812 watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate, kisiwa jirani, na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika Vita vya Shela, wakaogopa kisasi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Ngome unayoitazama ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na ushindi ule wa siku moja ufukweni ukawa mlango wa Waomani kuingia mwambao wetu wa kaskazini. Baadaye Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza, na iliendelea kuwa gereza la Kenya huru hadi 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Wazee wanaokaa Mkunguni chini ya miti, wengine kwenye bao na wengine na vikombe vya kahawa, baadhi yao waliiona ikiwa na wafungwa. Hao wana mengi ya kukusimulia, ila usiende mwenyewe na daftari. Mwombe kijana wa nyumbani akupeleke, akutambulishe kuwa wewe ni mwalimu na ni mgeni wa nyumba fulani. Utaona tofauti kubwa. Mtu yule yule aliyegeuza uso asipigwe picha na mtalii atakusogezea kiti.

Nyuma ya ngome upo Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake yanautaja mwaka 1370, na ndio unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote mjini. Utautazama ukiwa nje. Siku nyingine nenda Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda. Nahodha lazima aingie kwenye mlango wa mikoko maji yakiwa yamejaa na atoke kabla hayajakupwa, kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na bahari, nawe uwaarifu wenyeji wako usiku kuhusu chakula cha mchana, kama mama alivyosema. Pale Takwa kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwishoni mwa karne ya 17, na watu wa Shela bado huenda kuzuru kwa kuwa wanaamini wazee wao walitoka huko.

Nakuomba jambo moja kama mtu wa mji huu. UNESCO iliuweka mji wetu wa kale katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo wageni wengi huja kutazama mawe na milango. Nyumba kadhaa za Mkomani zimenunuliwa na watu wa mbali, zimekarabatiwa vizuri mno, na sehemu kubwa ya mwaka zimefungwa. Wewe unakwenda kukaa katika nyumba ambayo bado inaishi na wenyewe. Katika maelezo yako kwa wanafunzi, tafadhali mtaje mama anayepika na watoto wanaosoma chuoni kabla ya kuutaja mlango wa kuchonga.

Mwuliza swali anarudi

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nilimpigia mama jana usiku. Nilimtajia siku ya kufika na ya kuondoka, na kama nilivyoambiwa, ya kuondoka aliikataa papo hapo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwanawe.

Nimebaki na mambo mawili. Ushauri wa ndugu wa Nakuru kwamba nihamie nyumba ya wageni baada ya siku chache umenigusa, maana habari ya lile daftari la kijani haijanitoka, lakini nahofia kumvunja mama moyo. Na jambo la pili, nimezoea kwenda kanisani kila Jumapili. Je, nikiomba kwenda nitakuwa nimewatia wenyeji wangu katika hali ngumu?

Jibu la nne, kutoka kwa mama mzaliwa wa Mkomani

Mwanangu, ndugu wa Nakuru amesema kweli kuhusu daftari, na nimemshukuru, kwa kuwa sisi wenyewe hatungelitamka. Ila kuhama ukaenda nyumba ya wageni mtaa ule ule usikufanye. Mama huyo ataulizwa na majirani umekosa nini kwake, na hatakuwa na jibu. Fanya hivi: baada ya siku nne au tano, sema unataka kwenda kuona Pate na Siyu, katika kisiwa cha Pate, kwa ajili ya somo lako, maana kuna magofu ya mji wa kale Pate, na Siyu kuna ngome yake kando ya maji. Safari hiyo haimshangazi mtu, utalala huko siku mbili, nyumba itapumua, kisha utarudi kumalizia. Huko Siyu pia usiende bila ya kutajwa. Mwombe yeye mwenyewe akupe jina la jamaa wa kumfikia. Atakuwa nalo, na atafurahi kuwa umemwomba.

Tena usikae kama mgeni jikoni. Siku ya pili ingia, chukua mbuzi, ukune nazi. Watakunyang'anya. Kaa hapo hapo uendelee. Anayekuna nazi pamoja na watu hufichiwa machache, na hata hali ya mfuko wa mchele utaiona kwa macho yako bila ya kumwuliza mtu.

Kanisa lisikutie hofu. Makanisa yapo Lamu na watu wake tunaishi nao, ni wafanyakazi wenzetu na walimu wa watoto wetu. Mwambie mama Jumamosi jioni kwamba kesho utakwenda kusali na utarudi saa fulani. Atakachouliza ni kama utakunywa chai kabla au baada, na pengine atamtuma mjukuu akusindikize hadi njia ya ufukweni. Kitakachomtia mashaka ni ukinyata ukaondoka bila ya kusema.

Siku utakayopanda basi Mombasa, mpigie simu ukiwa umeshakaa kwenye kiti, na umpigie tena ukifika Witu. Kutoka hapo atajua wakati wa kumtuma kijana gatini, nawe ukishuka kwenye mashua usimpe mzigo wako mtu mwingine yeyote atakayekukimbilia mpaka kijana huyo ataje jina la mama.